Pumu na Kufuli za Mwilini

Mwezi wa Julai ukungu unaposhuka kutoka Mlima Kenya hadi kwenye majani chai yetu hapa Kibugu, usiku tunasikia vifua vya watoto vikilia kama filimbi. Wengine husema ni baridi tu, wengine ati ni kurogwa. Mara nyingi ni pumu, na tungependa kueleza inavyoanza.

Mwili una seli za ulinzi. Juu yake kuna vipokezi. Kipokezi ni kama kufuli, hufunguliwa na ufunguo wake tu. Mtu mwenye aleji hutengeneza kingamwili iitwayo IgE, iliyogunduliwa miaka ya 1960, nayo hukaa kwenye kufuli hizo. Vumbi au chavua ikiigusa, seli humwaga histamini na kemikali nyingine. Mirija ya hewa inavimba, inajaa makohozi na kubana. Si pumu yote hutokana na aleji, lakini nyingi ni hivyo, na moshi wa mafiga huizidisha.

Dawa nazo hutafuta kufuli. Inhela ya buluu, salbutamoli, hushika vipokezi vya misuli ya mirija, ikalegea. Mtoto anapumua upesi, lakini uvimbe haujaisha! Inhela ya steroidi, mara nyingi ya kahawia, huingia ndani ya seli, ikashika kipokezi kilichoko humo na kutuliza uvimbe. Hii hufanya kazi polepole, ndiyo maana hutumiwa kila siku.

Iko pia sindano ya omalizumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003. Hiyo huikamata IgE kabla haijafika kwenye kufuli. Bei yake ni ya juu sana, wengi wetu hatuiwezi.

Basi wazazi, tusitegemee inhela ya buluu peke yake. Tumwulize daktari kuhusu ile ya kila siku, na tusiiache ati kwa kuwa mtoto amepata nafuu. Uvumi kwamba inhela humfanya mtu mtumwa wake si kweli. Baada ya kuvuta steroidi, mtoto asukutue mdomo. Jikoni tuweke dirisha na bomba la moshi.

Mtoto akishindwa kumaliza sentensi, au midomo ikigeuka buluu, tusingoje kupambazuke. Tumpe inhela ya buluu na kumkimbiza hospitali. Tuombe tukiwa njiani.