Simu Inapoita na Sauti Isisikike: Ngome ya Mtandao na Mawasiliano ya Hospitali

Usiku mmoja nikiwa zamu, simu ya wodini iliita. Niliipokea, lakini upande wa pili ulikuwa kimya kabisa. Iliita mara ya pili na ya tatu, kimya kikawa kile kile. Dakika chache baadaye simu yangu ya mkononi ikaita. Alikuwa mtaalamu wa maabara iliyoko ng'ambo ya mji: alinisikia vizuri mara zote tatu, ila sauti yake haikunifikia. Potasiamu ya mgonjwa wetu ilikuwa milimoli 7.1 kwa lita, kiwango kinachoweza kuusimamisha moyo. Tulimwahi. Lakini mtaalamu yule asingalikuwa na namba yangu binafsi, tungaliieleza nini familia ya mgonjwa?

Wiki hiyo hospitali ilikuwa imefunga ngome mpya ya mtandao, ambayo mafundi huiita faiwoli. Ngome hiyo haikuwa mbovu. Haikuwa imepangwa ipasavyo.

Chanzo cha tatizo

Simu ya intaneti hutumia njia mbili. Ya kwanza, iitwayo SIP, hubeba ishara za kupiga, kupokea na kukata simu, na kwa kawaida hupita mlango namba 5060. Ya pili, iitwayo RTP, hubeba sauti yenyewe kupitia milango mingine, ambayo huchaguliwa upya kwa kila mazungumzo. Ngome ikiruhusu ya kwanza na kuizuia ya pili, simu itaita lakini sauti haitapita.

Aidha, vifaa vya hospitali hutumia anwani za ndani zisizofikika kutoka nje. Anwani hiyo ikibaki ndani ya ujumbe wa SIP, sauti hutumwa kusikofikika. Ngome nyingi zina kipengele kiitwacho SIP ALG, kilichokusudiwa kurekebisha hali hiyo, lakini mara nyingi huivuruga zaidi.

Dalili na maana yake

Sauti ikisikika upande mmoja tu, shuku milango ya sauti au anwani isiyo sahihi.

Simu ikikatika kila mara baada ya sekunde 32 hivi, huenda ujumbe wa uthibitisho haukufika, na mfumo umechoka kuusubiri.

Simu ikiweza kupiga lakini isipokee baada ya kukaa bila kutumika, ngome imefunga njia iliyoiona haina kazi. Simu ipangwe kujisajili mara kwa mara zaidi.

Faksi ikianza kisha ikakatika, kumbuka kwamba huanza kama simu ya sauti, halafu huomba kuhamia utaratibu wa T.38. Ngome inaweza kuuzuia uhamisho huo. Pasipo T.38, itumike kodeki ya G.711 isiyobana sauti, na kasi ishushwe hadi biti 9,600 kwa sekunde.

Uchunguzi na tiba

Kama ilivyo kwa mgonjwa, tuanze na historia. Tatizo lilianza lini? Nini kilibadilishwa siku hiyo? Simu za ndani zikisikilizana vizuri na zile za nje zikashindwa, ngome ndiyo ya kuchunguzwa kwanza. Fundi azime SIP ALG, ajaribu simu. Kisha afungue milango ya sauti kwa anwani za mtoa huduma pekee, ajaribu tena. Abadilishe jambo moja kwa wakati mmoja, la sivyo hatajua lipi lililoponya. Kamwe ngome isizimwe moja kwa moja, kwani ndiyo inayolinda siri za wagonjwa.

Wakati tukisubiri fundi

Kila wodi na maabara ziwe na namba mbadala ya simu ya kawaida, ibandikwe mahali panapoonekana. Majibu ya hatari yasomwe kwa sauti, na mpokeaji ayarudie. Karatasi ya faksi inayosema "imetumwa" haithibitishi kwamba kuna mtu aliyeisoma. Piga simu uhakikishe.

Nawe mgonjwa, ukipiga kliniki ukakuta kimya, usidhani umepuuzwa. Huenda unasikika bila kusikia. Taja jina lako na namba yako, kisha piga namba ya pili. Ikiwa hali ni mbaya, usingoje simu: njoo hospitalini.