Bati tupu, mkaa mwingi: hesabu ya kipupwe Nyanda za Juu

Mkazi wa Dar es Salaam akiambiwa abane matumizi ya nishati nyumbani, mawazo yake hukimbilia feni na kiyoyozi. Wa Njombe, Makete au Mafinga hukimbilia gunia la mkaa. Kuanzia Juni hadi Agosti, kipupwe kinapokaza, usiku wa Nyanda za Juu Kusini hushuka kirahisi chini ya nyuzi joto 10, na kule kwenye uwanda wa Kitulo, kwenye mwinuko wa mita 2,600 hivi, kuna asubuhi ambazo majani huamka yakiwa meupe kwa sakitu. Watu huvaa makoti tangu chai ya asubuhi mpaka saa ya kulala, na wapo wanaolala nayo. Katika nyumba nyingi huu ndio msimu ambao fedha ya moto huanza kugombana na fedha ya chakula.

Serikali ina mpango wake kuhusu moto huo. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaotaka ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Sababu zake hazina ubishi. Moshi wa jikoni unaharibu mapafu ya kina mama na watoto, na mkaa unakula misitu: kwa tanuri la kienyeji la kufukia kwa udongo, kilo moja ya mkaa hutoka kwenye kilo tano mpaka kumi za kuni. Mitungi ya gesi imeuzwa kwa bei ya ruzuku, mingine imegawiwa kwenye mikutano ya hadhara huku kamera zikipiga picha.

Shida ni kwamba mpango huo unahesabu chakula tu. Jiko la Tanga au Mtwara lina kazi moja, na mpishi akimaliza hutamani lizimike haraka. Jiko la Njombe lina kazi mbili. Ugali ukishaiva, makaa yaliyobaki yanazungukwa na watoto, soksi za shule zinaanikwa kwenye kiti kilicho karibu, na mazungumzo ya familia yanafanyika hapo hapo. Gesi inaivisha ugali kwa dakika chache, kisha unazima, na nyumba inabaki na baridi yake ile ile. Ndiyo maana huku si ajabu kukuta mtungi umekaa kwenye kona, umefunikwa kitambaa cha kufuma, na jiko la mkaa linaendelea na kazi. Utasikia semina zikisema watu ni wagumu kubadili tabia. Tabia gani? Wanasikia baridi.

Kwa hiyo anayetaka kuokoa nishati Nyanda za Juu asianzie jikoni. Atazame juu.

Nyumba ya kawaida ya huku siku hizi ni ya matofali ya kuchoma na bati, nayo nyingi haina dari. Mwenye nyumba hujenga kwa awamu: msingi, kuta, kenchi, bati, milango, kisha anahamia, na dari linasubiri fedha ambayo ada za shule huifikia kwanza. Matokeo yake ni kwamba joto lote linalotengenezwa chini linapanda na kukutana na karatasi ya chuma isiyofika hata unene wa milimita moja. Usiku wa kipupwe, mbingu ikiwa nyeupe bila wingu, bati hupoteza joto kwa kasi hadi linakuwa baridi kuliko hewa ya nje yenyewe. Mvuke wa pumzi na wa sufuria unapoa juu yake na kuwa matone, na alfajiri yanadondokea kitandani. Mtu anasema paa linavuja wakati hakuna mvua. Yale ni maji ya ndani, yamerudi pamoja na fedha ya mkaa iliyoyapasha.

Wazee hawakuwa na tatizo hili kwa kiwango hiki. Tembe ya Wahehe na Wagogo ilikuwa na kuta nene za udongo na paa bapa lililofunikwa udongo pia, ikinywa jua mchana na kulitoa polepole usiku. Nyumba za nyasi nazo zilikuwa na kichanja juu ya meko cha kuhifadhia mahindi. Moshi ulifukuza wadudu, na kichanja chenyewe kilizuia joto lisikimbilie juu. Siwapambi, kwa kuwa moshi wa nyumba zile uliwatoa watu machozi tangu utotoni hadi uzeeni, na bati lina haki yake ya kupendwa: haliozi kama nyasi, haliungui kama nyasi, na mwenye nalo huheshimiwa. Ila tulipokea bati tukasahau kwamba nyasi zilikuwa zinafanya kazi ya blanketi.

Jambo linaloudhi zaidi ni kwamba dari limeotea mlangoni kwetu. Sao Hill, shamba kubwa kuliko yote ya miti ya serikali, liko Mufindi. Mipaini na mikaratusi imejaa vilima vya Njombe na Makete, na malori ya mbao yanashuka kwenda Dar es Salaam kila siku. Huko mbao hizo zinakuwa kenchi na samani za watu wanaotafuta upepo, huku mkulima aliyepanda mti analala chini ya bati tupu. Dari la jipsamu linapendeza, lakini si lazima. Mbao nyembamba za mpaini zilizopangwa bila kuacha mwanya zinafanya kazi, na plaiwudi pia. Hata asiye na uwezo huo anaweza kushona viroba safi na kuvikaza chini ya kenchi. Inayozuia joto ni hewa iliyotulia kati ya dari na bati. Baadhi ya mafundi humwaga maranda juu ya dari ili kuongeza unene, na kwa kuzuia joto wako sahihi, ila maranda yanashika moto haraka. Kama waya za umeme hazikuwekwa na fundi anayejua kazi yake, ndani ya mabomba yake, usijaribu. Viroba navyo vikae mbali kabisa na jiko na mshumaa.

Wala hakuna anayesema uweke dari nyumba nzima kwa mkupuo. Anza na chumba wanacholala watoto. Chumba cha mita tatu kwa tatu ni mita za mraba tisa tu, na mlango wake ukishonewa mto mrefu wa nguo kuukuu wa kuziba uwazi wa chini, tofauti utaiona wiki hiyo hiyo.

Hapa pana jambo la kusema bila kuzunguka. Chumba kilichozibwa vizuri na jiko la mkaa havikai pamoja. Kila kipupwe husikika habari za watu waliolala na jiko chumbani wasiamke. Wengi wanajua moshi ni hatari, hivyo wanaliacha jiko nje hadi mkaa ushike, moshi uishe, ndipo waliingize ndani likiwa jekundu, zuri, halina hata harufu. Mkaa wa aina hiyo ndio unaotoa kaboni monoksidi kwa wingi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, na aliyelala hazisikii. Kuacha dirisha wazi kidogo si kinga ya kuaminika, na ukiliacha wazi kabisa umelitoa joto ulilolitafuta. Jiko lipashe sebule watu wakiwa macho na mlango wazi, kisha litoke nje kabla ya mtu wa kwanza kusinzia.

Tuje kwenye umeme, ambako nako ushauri wa kawaida umekosea shabaha. Kila tangazo la kubana matumizi linakuambia uzime taa. Zima, hakuna ubaya. Lakini taa ya LED ya wati 9 ikiwaka kwa saa sita kila usiku haifikishi uniti mbili kwa mwezi mzima. Anayemaliza umeme wa LUKU kipupwe yuko bafuni.

Shawa ya umeme, ile inayopasha maji papo hapo, hula takriban kilowati 5. Mtu mmoja akioga dakika kumi ametumia zaidi ya robo tatu ya uniti. Familia ya watu watano ikioga hivyo kila siku inafika uniti 125 kwa mwezi, kabla hujahesabu jokofu wala pasi. Hapo ndipo penye kisu. Kwa bei zilizopangwa na mdhibiti wa nishati, EWURA, mwaka 2016, mteja wa kundi la D1, ambalo ni la matumizi madogo, hulipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi, kabla ya kodi na tozo. Akivuka, kila uniti ya ziada ni shilingi 350, na akizoea kuvuka huhamishiwa T1, ambako kila uniti ni shilingi 292 tangu ya kwanza. Yaani bafu la Julai linaweza kuitoa nyumba nzima kwenye bei nafuu, na mwenye nyumba akabaki anaizungukia mita akidhani ina ubovu.

Ndoo inashinda hapa. Nusu ndoo, lita 10, kutoka ubaridi wa bombani hadi uvuguvugu wa kuogea inahitaji chini ya theluthi moja ya uniti ukichemshia kwenye jagi la umeme kisha ukachanganya na ya baridi. Watu wale wale watano wanamaliza mwezi kwa uniti 45 hivi. Asiyetaka kuachana na shawa aoge kwa dakika tatu na azime anapojipaka sabuni.

Hita ya chumba ndiyo anasa mbaya kuliko zote. Ya wati 2,000 ikiwaka kwa saa tatu usiku inakula uniti sita, na katika chumba kisicho na dari unapasha joto nyota. Mpira wa maji ya moto wa lita mbili, uliowekwa miguuni chini ya blanketi, hauli hata robo ya uniti kuujaza, na miguu ikipata joto mwili mzima unatulia. Usitumie chupa ya plastiki ya maji ya dukani: inasinyaa kwa moto na inaweza kukuunguza usingizini.

Kuhusu kupika, tunaoishi juu tuna adhabu ambayo watu wa pwani hawaijui. Kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000, kama ulivyo mji wa Njombe, maji huchemka kwenye nyuzi joto 93 hivi, si 100. Maharage yanayoiva kwa wakati wake Morogoro yanakaa motoni muda mrefu zaidi huku, na kuongeza moto hakusaidii, maana maji yanayochemka hayazidi joto hilo hata uyatie jiko la namna gani. Dawa yake ni sufuria ya presha, ambayo huubana mvuke mpaka maji yapite nyuzi 110. Kwa hiyo kifaa hiki, ambacho wengi wanakiona ni cha mjini, kina faida kubwa zaidi Makete kuliko Kariakoo. Ya umeme inaivisha nusu kilo ya maharage kwa chini ya uniti moja. Hata kwenye T1, pamoja na kodi, hiyo ni chini ya shilingi 400. Linganisha na bei ya kopo la mkaa mtaani kwako. Ukiyaloweka maharage usiku kucha, matumizi yanapungua zaidi. Makande vivyo hivyo.

Asiye na sufuria ya presha achemshe chakula dakika kadhaa, kisha aipachike sufuria, ikiwa imefunikwa, ndani ya kikapu kilichosheheni nguo kuukuu au masalia ya sponji, aifunike kwa mto na kuiacha iendelee kuiva kwa joto lake yenyewe. Maharage yakirudi nje baada ya saa kadhaa hayataki moto mrefu. Na chupa ya chai ijazwe mara moja asubuhi, badala ya kuwasha jiko kila anapobisha hodi mgeni.

Wanaotegemea kuni wana akiba yao pia. Mabanzi ya viwanda vya mbao ni rahisi, ila mara nyingi huuzwa yakiwa mabichi, na mti uliokatwa leo unaweza kuwa maji kwa karibu nusu ya uzito wake. Moto wa kwanza wa kuni hizo unakausha tu. Yapange chini ya mapaa ya nyumba tangu Mei, mvua zinapokatika, na kwenye meko uweke jiko banifu lenye bomba la kutoa moshi.

Ombi langu kwa wanaogawa mitungi ya gesi Njombe, Iringa na Mbeya ni hili: gari lile lile linalopandisha mitungi lipandishe na fundi dari, hata kwa mkopo wa kulipa baada ya mavuno ya viazi. Nawe unayesoma haya ukiwa umejifunika, fanya hesabu ya mkaa ulioununua tangu Juni, kisha kamuulize fundi bei ya kuweka dari chumba kimoja. Jiko, kabla ya kulala, litoe nje.