Kutoka Kericho hadi Mahakama ya Rufaa: Ngazi aliyoipanda Jaji Mumbi Ngugi

WAKAZI wa Kericho na Bomet wanaofika katika Mahakama Kuu kudai shamba la marehemu baba, au kusikiliza kesi ya mauaji, kwa kawaida humwona jaji mmoja tu kitini. Asiyeridhika huambiwa na wakili wake akate rufaa. Kesi ikifika katika Mahakama ya Rufaa huamuliwa na majaji watatu, na ni wananchi wachache wanaofahamu jinsi majaji hao walivyofika huko.

Mmoja wao aliwahi kuhudumu katika eneo hilo la majani chai. Mnamo 2017 Jaji Mumbi Ngugi alikuwa akisikiliza kesi mjini Kericho. Juni 2021 aliapishwa kuwa jaji wa Mahakama ya Rufaa.

Njia hiyo ilifunguliwa na Effie Owuor, mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama Kuu nchini Kenya mwaka 1982, na wa kwanza katika Mahakama ya Rufaa mwaka 1993. Katika enzi hizo neno la Ikulu lilikuwa na uzito mkubwa katika uteuzi. Katiba ya 2010 iliikabidhi Tume ya Huduma za Mahakama (JSC) jukumu la kuwachuja wanaotaka kazi hiyo na kupendekeza majina, kisha Rais huwateua. Anayetaka kiti cha rufaa sharti awe amekuwa jaji kwa angalau miaka 10, au awe msomi au mwanasheria aliyebobea kwa muda kama huo. Hustaafu akitimu umri wa miaka 70.

Jaji Ngugi, ambaye anaishi na ualbino, aliingia Mahakama Kuu mwaka 2011 akitoka katika uwakili. Jina lake lilivuma kutokana na kesi za wanyonge. Mwaka 2012 aliwatetea wagonjwa wa Ukimwi waliohofia kwamba sheria dhidi ya bidhaa ghushi ingewanyima dawa za bei nafuu. Machi 2016 aliamua kuwa ilikuwa kinyume cha Katiba kuwafunga jela wagonjwa wa kifua kikuu walioacha matibabu. Kesi hiyo ilitokana na watu waliofungwa Kapsabet, mji mwingine wa chai. Julai 2019, akiwa katika kitengo cha kesi za ufisadi, alikubali gavana wa Samburu, Moses Lenolkulal, azuiwe kuingia ofisini kesi yake ikiendelea.

Hata hivyo, si kila uamuzi wake ulisimama. Mwaka 2013 aliwapa ushindi wakazi wa kijiji cha Mitu-Bell, Nairobi, ambao nyumba zao zilibomolewa karibu na uwanja wa ndege wa Wilson. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ikaufuta uamuzi huo. Ilichukua hadi Januari 2021 kwa Mahakama ya Juu kuurejesha kwa sehemu kubwa, miezi mitano tu kabla ya jaji mwenyewe kuketi katika mahakama iliyompinga.

Rufaa yaweza pia kumnufaisha mnyonge. Katika kesi ya Rono dhidi ya Rono, jaji wa Mahakama Kuu mjini Eldoret aliwapa mabinti sehemu ndogo ya ardhi kuliko ndugu zao wa kiume, kwa hoja kwamba huenda wakaolewa. Aprili 2005 Mahakama ya Rufaa ilikataa hoja hiyo. Majaji wote watatu walikuwa wanaume, jambo linalofaa kukumbukwa na wanaodhani kwamba jinsia ya jaji pekee ndiyo huamua kesi. Katika jamii za Wakalenjin, wakiwemo Wakipsigis wa Kericho na Bomet, ambako mila iliwapa wana wa kiume ardhi, uamuzi huo una uzito hadi leo.

Kupendekezwa na tume, hata hivyo, si kuapishwa. Jina la Jaji Ngugi lilikuwa miongoni mwa 41 yaliyowasilishwa kwa Rais Uhuru Kenyatta mwaka 2019. Rais alikataa kuwateua kwa karibu miaka miwili, kisha Juni 2021 akawateua 34. Sita walioachwa waliapishwa Septemba 2022, siku moja baada ya Rais William Ruto kuingia madarakani.