Baba wa Industrial Area Apewe Jumapili Yake

Jumapili ya tatu ya mwezi Juni, makanisa ya Jogoo Road, Nairobi, huwapa akina baba nafasi ya mbele. Kwa Waanglikana, mara nyingi wanaume wa KAMA, chama chao cha kanisani, ndio huongoza ibada. Kwa Wakatoliki, ni wenzao wa CMA. Husimamishwa, huombewa, hupigiwa makofi. Lakini ng'ambo ya reli, Industrial Area, kuna mitambo isiyojua Jumapili. Baba wengi wa Makongeni, Mbotela, Mukuru kwa Reuben na Mukuru kwa Njenga saa hiyo wako zamu, au wamelala kwa kuwa usiku kucha walikuwa zamu. Anayesifiwa kanisani hayupo kusikia.

Siku hii ya Akina Baba tuliipokea kutoka Marekani. Mwaka 1910, mjini Spokane, Sonora Smart Dodd aliwashawishi wachungaji wa mji huo waadhimishe siku ya kumtukuza baba. Alikuwa akimfikiria babake mwenyewe, William Jackson Smart, askari wa zamani aliyebaki mgane na kuwalea watoto wake peke yake. Hakusifiwa kwa mali. Alisifiwa kwa kuwa alikuwepo. Sheria ya kuifanya sikukuu ya taifa huko ilitiwa sahihi na Rais Nixon mwaka 1972.

Kuwepo ndiko hasa Nairobi ilikomnyima mwanamume Mwafrika tangu mwanzo. Serikali ya kikoloni ilimtaka kibarua bila familia yake. Vyumba vingi vya Eastlands vilijengwa kwa hesabu ya vitanda vya wanaume, mke na watoto wabaki kijijini. Hata mshahara ulipimwa hivyo. Mwaka 1954, kamati ya serikali iliyoongozwa na Carpenter ilikiri kwamba kima cha chini kilikadiriwa kwa mahitaji ya mtu mmoja asiye na familia, ikapendekeza kipandishwe hadi kiwango cha kulisha mke na watoto. Mtu alikuwa na watoto watano nyumbani, na kwenye vitabu vya mwajiri akahesabiwa kapera. Sidhani tumewahi kuupima vya kutosha uchungu wa jambo hilo.

Ndiyo maana kwa vizazi vingi sikukuu ya kweli ya baba wa Industrial Area haikuwa Juni. Ilikuwa Desemba. Viwanda vikifunga, steji ya Machakos Country Bus hujaa magunia, magodoro na mikate, na baba anakwenda ushago. Huko heshima yake haihitaji kadi. Katika boma la Waluhya kuku huchinjwa, na firigisi ni ya baba. Akiandaliwa mchuzi bila hiyo, kesi inaweza kufika kwa wazee. Kwa Wakikuyu heshima imo ndani ya majina: kifungua mimba wa kiume hubeba jina la baba wa babake, na utamsikia mzee mzima akimwita mwanawe mdogo "baba", kwa mapenzi na bila mzaha. Pumwani na Majengo, kwa Waislamu, asubuhi ya Idi mtoto humwendea babake kwa shikamoo na kumbusu mkono, kisha hungoja idi yake, yaani sarafu au noti mpya.

Mataifa mengine nayo yana siku zao. Italia na Uhispania humheshimu baba Machi 19, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, naye alikuwa seremala, mtu wa kazi ya mikono kama hawa wetu. Thailand huadhimisha Desemba 5, siku aliyozaliwa Mfalme Bhumibol. Nchini Nepal watoto waliooa au kuolewa hurudi nyumbani na vyakula vitamu ili wauone uso wa baba. Hiyo ya Nepal ndiyo inayonigusa zaidi, kwa kuwa inafanana na safari yetu ya Desemba, ila huko mtoto ndiye anayesafiri.

Siku hizi familia nyingi haziko tena ushago. Ziko hapa hapa, katika nyumba ya mabati ya Mukuru, mwendo wa miguu kutoka geti la kampuni. Bado baba anaondoka watoto wamelala na kurudi wamelala. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mwanamume wiki mbili za likizo yenye malipo mkewe anapojifungua, lakini mtu wa kibarua, anayechaguliwa getini kila asubuhi, ataidai kwa nani? Akikosa leo, kesho nafasi ina mwingine.

Mwenye kiwanda anayeweza kuzima mitambo Desemba anaweza kuizima Jumapili moja ya Juni, na kumlipa kibarua siku hiyo kana kwamba alikuja kazini. Na viongozi wa makanisa ya Jogoo Road, wanaojuana vizuri na baadhi ya wakurugenzi wa viwanda, wana uwezo wa kuliomba hilo kabla ya ratiba za zamu za Juni kubandikwa ukutani.