Je, Wajua? Gurudumu Lisilotoka kwa Nyundo

Je, wajua kwamba gurudumu la nyuma la Ford Model T, gari lililotengenezwa Marekani kati ya 1908 na 1927, linaweza kugoma kutoka hata baada ya nati kufunguliwa? Sababu ni kwamba ncha ya ekseli imechongwa kama koni, na habu ya gurudumu imesukumizwa juu yake pamoja na kabari ndogo ya chuma. Kadiri nati inavyokazwa, ndivyo habu inavyozidi kung'ang'ania. Ongeza kutu ya miaka mingi, na vyuma viwili huwa kama kimoja.

Kupiga ncha ya ekseli kwa nyundo huharibu meno yake, na mshtuko waweza kuumiza sehemu za ndani ya difu. Kuvuta kwa rimu nako huhatarisha spoki, maana nyingi ni za mbao. Moto nao si rafiki wa mbao.

Dawa yake ni pula, yaani kifaa cha kuvutia habu. Hufungwa kwenye meno ya habu yanayobeba kifuniko, kisha bolti ya katikati husukuma ekseli. Fundi hupaka mafuta ya kulegeza kutu, hukaza kidogo, kisha husubiri, wakati mwingine usiku kucha.

Na ukikutana na Dodge au Chrysler ya miaka ya 1950, angalia nati au bolti za magurudumu ya upande wa kushoto kabla ya kutumia nguvu: nyingi hufunguliwa kwa kuzungusha kuelekea kulia.