Leseni za vileo Kigali: tuhesabu baa au tuhesabu maduka?

Tuazime hesabu ya watu wengine kwanza. Jimbo la New Jersey nchini Marekani limeweka ukomo wa leseni za vileo kwa kufuata idadi ya watu: baa moja kwa kila wakazi 3,000, na duka moja la pombe ya kubeba kwa kila wakazi 7,500. Sensa ya 2022 iliikuta Kigali na watu 1,745,555. Kwa kanuni hiyo, jiji zima lingeruhusiwa baa 580 hivi na maduka 230 hivi. Yagawe maduka hayo kwenye mirenge (yaani kata) 35 ya Kigali: kila murenge unaambulia sita au saba. Anayeijua Kimironko au Nyamirambo jioni anajua kwamba wauzaji saba hawatoshi hata barabara moja.

Wazo la ukomo si geni kwa majirani. Mapema 2023, Rigathi Gachagua, wakati huo Naibu Rais wa Kenya, alitaka miji ya eneo la Mlima Kenya ibaki na baa moja moja. Rwanda ilishika njia nyingine, ya saa. Kuanzia Septemba 1, 2023, baa na huduma nyingine zisizo za lazima zilitakiwa kufungwa saa saba usiku, na saa nane usiku Ijumaa na Jumamosi. Tena muuzaji akakatazwa kumhudumia aliye chini ya miaka 18 au aliyekwisha kulewa. Mwaka huohuo Wizara ya Afya ikaanzisha TunyweLess, kampeni ya kuhimiza watu wapunguze pombe. Mwaka 2025 ikafuata bei: ushuru wa bia ulipandishwa kutoka asilimia 60 hadi 65.

Je, idadi ya wauzaji ina uzito wake, mbali na saa na bei? Inao. Mwaka 2007 jopo la wataalamu wa kinga ya jamii nchini Marekani lilipitia tafiti zilizokuwapo, likapendekeza miji idhibiti msongamano wa sehemu za kuuzia pombe, kwa sababu palipo na wauzaji wengi unywaji huwa mwingi na ugomvi pia. Sababu zenyewe hazihitaji shahada. Duka likiwa mlangoni, chupa ya nne haikugharimu hata hatua ishirini. Wauzaji kumi wakigombea wateja walewale, bei hushuka, au jicho hufumbwa mtoto anapotumwa bia. Na baa tano zikifungwa saa ileile kwenye kona moja, walevi wote humwagika barabarani kwa pamoja. Ndiyo maana wastani wa jiji zima haumwambii mtu lolote: Kigali inaweza kuwa na leseni chache huku mtaa wa baa wa Gisimenti ukiwa haupitiki.

Tatizo la ukomo ni kwamba huifanya karatasi kuwa mali. Huko New Jersey leseni ya baa huuzwa kati ya mtu na mtu kwa mamia ya maelfu ya dola, na fedha hizo humwendea aliyetangulia kupata, si hazina ya umma. Uhamishie utaratibu huo Kigali uone nani atabaki: hoteli, supamaketi, na mwenye kujuana na watu. Mama anayeuza kreti mbili za bia ya Primus kando ya maharagwe na sabuni ndiye wa kwanza kuondoka.

Kuhusu baa, jiji hili limeshafanya jaribio ambalo hakuna mtafiti angeruhusiwa kulifanya. Kwa sababu ya korona, baa zilifungwa kuanzia Machi 2020 hadi Septemba 2021. Mwaka mmoja na nusu, baa halali sifuri. Polisi hawakuacha kukuta sebule zilizogeuzwa baa. Bia haikupotea, ilihamia kwenye maduka na majumbani, ambako hakuna wa kumwambia mtu kwamba leo imetosha. Na chini ya hapo ipo kanyanga, gongo la kienyeji, ambayo sheria inaihesabu miongoni mwa dawa za kulevya na bado haijakosa wanywaji.

Takwimu za taasisi ya afya ya Rwanda, RBC (Rwanda Biomedical Centre), zinasaidia kulenga. Kati ya 2013 na 2022 wanaokunywa pombe waliongezeka kutoka kama asilimia 41 hadi 48, lakini wanywaji wa kupindukia walipungua kutoka kama 23 hadi 15. Wanaoingia kwenye unywaji ni wengi kuliko zamani, na mlango wao wa karibu ni duka la mtaa.

Kwa hiyo mimi ningeziacha baa chini ya sheria ya saa na kelele, nikaweka ukomo kwa maduka yanayouza pombe ya kubeba, murenge kwa murenge, pamoja na umbali maalumu kutoka shuleni. Walioko leo waandikishwe wote, hata wakizidi ukomo. Asiondolewe mtu kwa kuwa mdogo. Leseni isiuzwe wala isirithishwe: mwenye duka akifunga biashara au akikutwa amemuuzia mtoto, leseni inarudi jijini, na haitolewi tena katika murenge huo mpaka idadi ishuke chini ya ukomo. Itachukua miaka mingi kufika kwenye yale maduka sita au saba kwa kila murenge, na pengine Kimironko haitafika. Hilo halinisumbui sana, kwani kuanzia siku ya uandikishaji jiji litakuwa na orodha ya nani anauza nini na wapi, na mkaguzi ataingia mtaani akijua mlango wa kubisha.