Unadai Kuzunguka Tasmania na Gari? Giza Likiingia, Paki

Kama umesevu doo ya Australia, wachana na Sydney kwanza, ingia Tasmania. Wanaendesha kushoto kama Nairobi, so hautachanganyikiwa. Anzia Hobart Jumamosi, siku ya soko la Salamanca. Shika barabara ya mashariki hadi Freycinet, ukule chaza freshi, ucheki Wineglass Bay, halafu upande Tamar karibu na Launceston kwa divai ya Pinot Noir. Dereva aonje tu: mwisho ni 0.05, na karao wa huko usimtajie chai.

Noma iko jioni. Wallaby na wombat hutoka kula kando ya lami jua likizama, na wombat ni kama jiwe, ukimgonga bampa imeenda. Soma kontrakti ya gari kabla usaini. Bima zingine hazilipi ukigonga mnyama usiku.